Flashi imekataa kufunguka: namna ya kuokoa fishie zako mbele zipotee kabisa

Katika muji wa Lubumbashi, kipande kidogo cha plastiki kinabeba mambo makubwa. TFC ya mwanafunzi wa Kasapa iko ndani ya flashi. Picha za ndoa, hesabu za duka, nyimbo za korali, mafaili ya kesi, ripoti ya shirika, emisyo ya redio: yote ndani ya flashi, mara nyingi flashi moja tu. Siku ile flashi inakataa kufunguka, mutu anaona miezi ya kazi inaenda kwa dakika moja.

Lakini kuko jambo ambalo wasikilizaji wengi hawajui. Mara nyingi, kile kinachoua fishie si ile pane ya kwanza. Ni haraka yetu sisi wenyewe kisha pane kutokea. Katika habari hii tunaeleza flashi inafanyaka kazi namna gani, nini cha kufanya, nini usifanye hata kidogo, na wakati gani inafaa kukubali kwamba mambo yamepotea.

Mimi mwenyewe nilipitia hapo

Miaka michache iliyopita, nilienda kuongea na mzee mumoja wa Kamalondo, mutumishi wa zamani wa kiwanda cha shaba. Nilimurekodi mara sita, kila mara karibu saa moja. Alieleza maisha ya kambi ya wafanyakazi, posho, sirene ya asubuhi, na namna muji ulibadilika jina. Miezi kisha, mzee aliaga dunia. Zile sauti sita zilikuwa ndani ya flashi moja, na nilikuwa sijafanya kopi.

Siku moja, wakati nilikuwa ninahamisha emisyo nyingine ndani ya ile flashi, umeme ukakatika. Umeme uliporudi, ordinatere ikanionyesha maneno ambayo wengi wenu munayajua: kwamba inafaa kuformate diski mbele ya kuitumia. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akasema: « Formate tu, tutaona kisha. » Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kifungo. Sijui nani alinizuia. Nilitoa flashi, nikaifunga ndani ya bahasha, nikatafuta mutu anayejua kazi. Kati ya sauti sita, nne zilirudi muzima, moja ilirudi nusu, na moja haikurudi kamwe. Familia ya mzee iko nazo leo. Kama ningebonyeza « ndiyo » na kuendelea kukopi emisyo yangu juu yake, pengine hakuna hata moja ingebaki.

Ndani ya flashi kuko nini

Flashi iko na sehemu mbili za lazima. Ya kwanza ni chipu ya kumbukumbu, ile inayochunga fishie. Aina hii ya kumbukumbu ilibuniwa na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni Toshiba huko Japani, katika miaka ya 1980. Ya pili ni chipu ndogo inayoongoza kazi: inapokea fishie, inachagua pa kuiweka, na inajibu wakati ordinatere inaiuliza. Flashi za kwanza kuuzwa, mwaka 2000, zilikuwa na nafasi ya megabaiti 8 tu. Leo flashi ya gigabaiti 32 ni kitu cha kila siku.

Sasa, namna fishie zinapangwa ndani. Fikiri kitabu kikubwa. Mwanzoni kuko ukurasa wa yaliyomo: sura hii iko ukurasa huu, ile iko ukurasa ule. Flashi nayo iko na ukurasa kama ule. Ordinatere haisomi kitabu chote. Inaangalia ukurasa wa yaliyomo, kisha inaenda moja kwa moja pale fishie iko.

Ukitoa flashi wakati inaandika, ao umeme ukikatika, ukurasa wa yaliyomo unaweza kubaki nusu umeandikwa. Ordinatere inaangalia, haielewi kitu, inasema diski hii haina mupango, inafaa kuformate. Lakini kurasa za kitabu zingali pale. Vilevile ukifuta fishie: ordinatere haipanguse kurasa, inafuta tu jina lake ku yaliyomo na kusema nafasi hii ni huru. Fishie inakufa kweli wakati kitu kingine kinaandikwa pa nafasi yake.

Hiyo njo sababu ya sheria ya kwanza.

Sheria ya kwanza: simama

Ukiona flashi imekuwa na shida, usiandike kitu tena juu yake. Usiformate. Usikopi wimbo « ili kujaribu kama inafanya kazi ». Usiweke programu ya kuokoa fishie ndani ya flashi ileile. Usiitembeze kutoka sekretaria hii mupaka sekretaria ile, kila mumoja ajaribu yake.

Kuko pia ile komande ya Windows inayoitwa chkdsk, ambayo watu wengi wanakimbilia. Inafaa kujua kazi yake: inatengeneza mupango wa diski ili diski itumike tena. Kazi yake si kuokoa fishie zako. Wakati inatengeneza, inaweza kukata vipande visivyo na jina na kuviweka ndani ya dosiye FOUND.000, na majina kama FILE0000.CHK. Itumie kisha kuokoa fishie, si mbele.

Mbele ya yote, tafuta kopi ambayo umesahau

Kabla ya kulipa mutu, kaa chini na ujiulize: hii fishie ilipita wapi tena?

Kama ni TFC ao memoari iliyoandikwa ku sekretaria, rudia pale. Mara nyingi kopi imebaki ndani ya mashini yao. Kama ulituma sura moja kwa direktere wako kwa imeli, ingia katika ujumbe uliotumwa. Kama ulituma kwa wenzako kwa WhatsApp, uliza hata wale waliotoka katika kikundi: telefone yao inaweza kuwa ingali na dokima. Kama ulifanya kazi ku ordinatere yako, fungua Word na tafuta dokima ambazo hazikuchungwa, sababu Word inajichungiaka kopi za muda.

Na karatasi nayo ni kopi. Ile sura ambayo direktere alisahihisha kwa bike nyekundu, usiitupe. Kupiga tena kurasa 40 kwa siku mbili ni mateso, lakini si sawa na kuanza tena utafiti.

Tambua flashi yako iko katika hali gani

Hali ya kwanza: flashi inafunguka, lakini fishie hazionekani, ao zimegeuka vijia vidogo vya mukato. Hii mara nyingi ni virusi, zile zinazopatikana sana pale mashini moja inatumiwa na watu wengi. Virusi inaficha dosiye zako na kuweka pa nafasi yake kijia kinachofanana nayo. Ukibonyeza kile kijia, virusi inaingia katika mashini. Kwa hiyo usibonyeze. Angalia nafasi iliyotumika: kama flashi inaonekana tupu lakini inasema gigabaiti 6 zimejaa, fishie zako ziko pale, zimefichwa tu.

Dawa yake haina bei. Ku Windows, fungua dirisha la komande, na kama flashi yako imepewa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza, ngojea, kisha angalia. Wakati mwingine utakuta fishie zote zimewekwa ndani ya dosiye isiyo na jina. Zikopi mahali pengine, pitisha antivirusi yenye imewekwa ku tarehe ya karibu, ndipo uformate flashi. Ukiwa na mutu anayetumia Linux, ni rahisi zaidi: virusi hizi za Windows hazifanyi kitu pale, na fishie zilizofichwa kwa namna hii zinaonekana zenyewe.

Hali ya pili: flashi inaonekana, ukubwa wake ni wa kweli, lakini mashini inaomba kuformate ao inasema aina yake ni RAW. Ni hali ya ukurasa wa yaliyomo ulioharibika. Hapa kuko tumaini kubwa.

Hali ya tatu: fishie ulizifuta mwenyewe ao uliformate kwa makosa. Kama ilikuwa ile formate ya haraka na hukuandika kitu kisha, tumaini liko. Kama ulichagua formate kamili, ku Windows za tangu Vista inaandika sifuri juu ya diski yote. Pale hakuna kitu cha kutafuta.

Hali ya ine: flashi haionekani hata kidogo, ao inaonekana na ukubwa wa sifuri, « Aucun média ». Jaribu kwanza tundu lingine, zuri zaidi lile la nyuma ya mashini kubwa, bila kupitia kamba ya kurefusha. Jaribu mashini nyingine. Kama ni vilevile pote, shida iko ndani ya chipu ao ku chuma cha mbele. Programu haitakusaidia, sababu haina kitu cha kusoma. Mutu akikuambia atapitisha programu juu ya flashi ambayo mashini haiioni, chunga makuta yako.

Kazi yenyewe: hatua kwa hatua

Kwa hali ya pili na ya tatu, kazi unaweza kuifanya mwenyewe, ao kukaa pembeni ya mutu anayeifanya.

Hatua ya kwanza, tafuta mahali pa kuweka fishie zitakazookolewa: diski ya ordinatere, ao flashi nyingine yenye nafasi kubwa kuliko ile iliyoharibika. Hakuna kuokoa fishie na kuziandika ndani ya flashi ileile. Ni kama kuokota vyombo katika nyumba inayoungua na kuvirudisha jikoni.

Hatua ya pili, fanya picha ya flashi. Si picha ya kamera: ni kopi ya kila kitu kilicho ndani, kipande kwa kipande, hata kile kinachoonekana tupu. Programu TestDisk inaweza kuifanya, na ku Linux kuko ddrescue, ambayo ni nzuri sana kwa flashi inayoanza kuchoka, sababu inakopi kwanza sehemu nzima na kurudia zile ngumu kisha. Faida ya picha ni kwamba unafanya majaribio yote juu ya kopi. Ukikosea, flashi yenyewe haijaguswa.

Hatua ya tatu, jaribu kurudisha yaliyomo. TestDisk ni programu ya bure, iliyoandikwa na Mufaransa Christophe Grenier. Haina sura ya kupendeza, ni maandiko tu juu ya meza nyeusi, lakini inajua kazi. Inaweza kukuonyesha fishie na majina yake, na kukuruhusu kuzikopi. Kama inafaulu, umepata bahati: majina na dosiye vinarudi kama vilivyokuwa. Kwa fishie zilizofutwa tu, watumiaji wa Windows wanaweza pia kujaribu Recuva, ambayo ni rahisi kuelewa na iko na toleo la bure.

Hatua ya ine, kama yaliyomo imekufa kabisa, tumia PhotoRec, ndugu ya TestDisk, inayokuja pamoja nayo. Hii haiangalie ukurasa wa yaliyomo. Inasoma kitabu chote, na inatambua fishie kwa alama ya mwanzo wake: picha inaanza hivi, PDF vile, dokima ya Word vile. Inajua aina zaidi ya 480. Jina lake linadanganya: haitafute picha peke yake.

Lakini PhotoRec iko na bei yake. Majina yanapotea. Utapata fishie mia ao elfu zenye majina kama f0012345.docx, na kazi ya kuzifungua moja kwa moja ni yako. Tena, fishie ambayo ilikuwa imekatwa vipande na kutawanyika inaweza kurudi nusu. Ndivyo ilinifikia: sauti ya saa moja katika muundo wa WAV inachukua zaidi ya megabaiti 600, na fishie kubwa namna hiyo ndani ya flashi iliyojaa inakatwa kirahisi. Mzee anaongea juu ya sirene, kisha katikati ya neno kunakuwa makelele.

Hatua ya tano, fungua kila fishie ya maana na uisome mupaka mwisho mbele ya kusema « imerudi ». Dokima ya Word ikikataa, jaribu ndani ya Word kuifungua kwa njia ya « Ouvrir et réparer ».

Flashi iliyovunjika ao iliyoingia maji

Flashi ya kawaida ya USB 2.0 iko na miguu ine ya chuma: miwili ya umeme, miwili ya kupitisha fishie. Kama ilipigwa na goti na mudomo wake ukalegea, pengine ni mguu mumoja tu umeachana. Fundi wa telefone mwenye mukono mutulivu na chuma chake cha kuchomelea anaweza kuurudisha. Mwambie wazi: lengo si flashi ipone, lengo ni isomeke mara moja ili ukopi. Usiikunje wewe mwenyewe mbele na nyuma kutafuta pale « inashika ».

Flashi iliyofuliwa ndani ya suruali inaweza kuishi. Usiitie ku mashini ikiwa na maji. Iache ikauke siku kadhaa mahali pa kivuli penye upepo. Si juu ya mbabula, si juani.

Kama chipu ya kuongoza imekufa lakini kumbukumbu ni nzima, kuko maabara zinazotoa ile kumbukumbu na kuisoma peke yake. Ni kazi ya vyombo maalumu, na bei yake ni ya dola nyingi. Kwa nyimbo haina faida. Kwa hesabu za kampuni ao ushahidi wa kesi, mutu anaweza kufikiri.

Flashi za uongo

Kwa soko, unaweza kuonyeshwa flashi ya terabaiti moja kwa bei ya chakula. Flashi za namna hii mara nyingi ni ndogo sana, lakini chipu yake ya kuongoza imefundishwa kusema uongo. Unakopi, mashini inakubali, majina yanaonekana. Kisha nafasi ya kweli inajaa, na fishie mupya zinaandikwa juu ya zile za zamani ao zinatupwa. Fishie hizo haziokolewe na programu yoyote, sababu hazikuwahi kuchungwa.

Siku unanunua flashi, mbele ya kuitumia, ipime. Ku Windows kuko H2testw, ku Linux kuko F3, zote za bure. Zinajaza flashi yote kisha zinasoma tena kuona kama kile kilichoandikwa kingali pale. Fanya hivyo ikiwa tupu.

Chunga pia siri zako

Mutu anayeokoa flashi yako anaona kila kitu: picha za nyumbani, kopi ya paspoti, barua za daktari, fishie ulizofuta zamani. Nchi yetu iko na Kodi ya mambo ya nimeriki, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, inayolinda habari za kipekee za mutu. Lakini sheria haikai pembeni yako ku sekretaria. Wewe kaa pale wakati kazi inafanyika, patana bei mbele, na mwisho uliza akufutie kopi zilizobaki ndani ya mashini yake.

Ili isitokee tena

Flashi ni kinga ya kubebea, si nyumba ya kukaa. Kuko kanuni ambayo wenye kazi hii wanarudilia: kopi tatu, juu ya vyombo viwili vya aina tofauti, na moja iwe mahali pengine. Kwa mwanafunzi, maana yake ni hivi: moja ku ordinatere, moja ku flashi, moja katika imeli yako mwenyewe. Kutuma dokima ya maandiko kwa imeli kunakula megabaiti kidogo sana.

Usiandike kazi yako moja kwa moja ndani ya flashi. Kopi ku mashini, andika, chunga, kisha rudisha. Toa flashi kwa njia ya « Éjecter ». Ni kweli kwamba Windows 10 tangu toleo 1809 la mwaka 2018 inaruhusu kutoa flashi bila hiyo kama hakuna kitu kinachoandikwa, lakini macho yako hayaoni kama kuko kitu kinachoandikwa. Kwa mashini isiyo na batri, usianze kukopi fishie kubwa wakati umeme unacheza. Na usiache flashi miaka ndani ya sanduku ukifikiri ni kama karatasi: umeme mudogo unaochunga fishie ndani unatoroka polepole, zaidi mahali pa joto.

Karatasi, kwa kweli, ingali inatushinda. Mwaka 1965, katika muji huu huu, André Yav aliandika kwa Kiswahili chetu historia ya Élisabethville, kwa niaba ya wale waliokuwa maboyi wa Wazungu. Kopi zilizopigwa kwa mashini zilipita mikono kwa mikono, na mwaka 1990 mwanachuoni Johannes Fabian aliitoa katika kitabu. Ilifika kwetu sababu ilikuwa kwa zaidi ya mutu mumoja.

Sauti za mzee wa Kamalondo sasa ziko mahali patatu. Ile flashi yenyewe ningali nayo ndani ya bahasha yake. Sijaiformate. Kama siku moja kutakuwa namna ya kupata ile sauti ya sita, nitajaribu.